Kijito Kizima, Kijito Mgonjwa: Kukipima kwa Beseni na Chujio

Maji maangavu si ushahidi wa kutosha. Unaweza kukikuta kijito ambacho mchanga wake unaonekana hadi chini, na bado kikawa kimekufa, kwa sababu juzi jioni mtu alisuuza bomba lake la kupulizia dawa ya nyanya humo ndani na sumu imeshapita kwenda zake. Kingine kina rangi ya chai ya rangi na wapita njia wanakikwepa, kumbe rangi hiyo ni ya majani yaliyooza msituni na kijito hakina tatizo lolote. Ukichota maji kwenye chupa ukayapeleka maabara, utapewa habari za dakika uliyochota. Wadudu wanaoishi chini ya mawe wana habari ndefu zaidi. Wengi wao hukaa majini wiki nyingi au miezi kabla ya kuota mabawa na kuruka, na sumu ikipita usiku hawana pa kukimbilia. Kwa hiyo katika mwongozo huu tutayatazama maji, lakini hukumu tutawaachia wadudu.

Nazungumzia kijito kidogo, kile unachokivuka bila kulowa kupita magoti. Mfano wangu ni vijito vinavyoshuka Milima ya Uluguru kuelekea mji wa Morogoro. Vinatoka msituni, vinapita kwenye mashamba ya mboga, vinaingia mjini ambako watu wanafua na vijana wanaosha bodaboda, kisha vinamwaga maji yao kwenye Mto Ngerengere. Ngerengere nao huingia Ruvu, na Ruvu ndio mto unaoinywesha Dar es Salaam. Mtu mwenye miguu mizuri anaweza kukifuata kijito kimoja kwa siku moja akakikuta na afya tatu tofauti. Ukiwa Lushoto, Rungwe, Meru ya Kenya au Rwenzori, utaratibu ni huo huo.

Chagua sehemu tatu

Kosa la wengi ni kupima mahali pamoja tu, kwa kawaida pale darajani kwa sababu pikipiki inafika. Namba ya mahali pamoja haina maana kubwa. Huwezi kusema kijito kimeharibika kama hujui kingekuwaje kisipoharibika. Panda juu hadi pale penye miti na pasipo na mashamba, au angalau pale penye mashamba machache kuliko kwingine kote: hapo ndipo kipimo chako. Sehemu ya pili iwe juu kidogo ya kitu unachokishuku, iwe shamba la umwagiliaji, machinjio, mtaro wa mtaa au machimbo ya mchanga. Ya tatu iwe chini yake, mita mia moja au mia mbili, maji yakishachanganyika. Tofauti kati ya ya pili na ya tatu ndiyo kesi yako, na ile ya kwanza ndiyo inayokuzuia kuilaumu machinjio kwa dhambi iliyofanywa na mashamba ya juu.

Sehemu zote tatu zifanane kwa umbo. Usilinganishe maporomoko ya mawe na dimbwi la tope, maana wadudu wa mawe hawaishi kwenye tope hata kijito kikiwa safi namna gani. Tafuta pale maji yanapokimbia juu ya mawe ya ukubwa wa ngumi hadi kichwa cha mtu, na kina kisizidi goti.

Majira yana uzito wake. Masika, kati ya Machi na Mei, mafuriko husomba wadudu na kugeuza mawe. Ukipima wiki hiyo utapata beseni tupu na utaogopa bure. Wakati mzuri ni kiangazi, kuanzia Julai hadi kabla ya vuli, maji yakiwa yametulia. Mvua kubwa ikinyesha, subiri wiki mbili tatu. Na kama utarudi mwakani, rudi mwezi ule ule.

Vifaa, na onyo la chandarua

Vitu vyote vinapatikana sokoni. Unahitaji beseni jeupe au trei nyeupe, kwa sababu mdudu wa kahawia ndani ya beseni la bluu haonekani. Unahitaji kijiko cheupe cha plastiki, brashi ndogo laini, lenzi ya kukuzia kama unayo, futi kamba, saa, ndimu moja, chupa ya plastiki isiyo na rangi, daftari na penseli. Wino wa kalamu husambaa ukilowa. Vaa buti za mpira.

Chujio ndilo linalotaka maelezo. Chujio pana la jikoni, lile la kuchujia juisi, linatosha kijito chembamba. La kutengeneza mwenyewe ni bora zaidi: pinda waya mnene uwe duara la upana wa sentimita 30, ushonee kitambaa cha matundu madogo kama ya milimita moja, kisha funga kwenye mpini wa mti. Watu wengi hukimbilia chandarua cha zamani. Vyandarua vinavyogawiwa siku hizi vimetiwa dawa ya kuua wadudu kiwandani, na dawa hiyo huua wadudu wa majini pia. Ukikitumia utakuwa unaua mashahidi wako na kukitia sumu kijito unachotaka kukiponya. Nunua wavu wa dirishani.

Jambo la afya yako kabla hujaingia. Kichocho huambukizwa na vimelea vinavyotoka kwenye konokono wa maji na kupenya ngozi. Hatari ni kubwa kwenye maji yaliyotuama au yaendayo polepole, yenye majani na joto, na vimelea hao hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, kuelekea adhuhuri. Kijito cha mlimani chenye baridi na mkondo wa nguvu kina hatari ndogo, lakini kile cha bondeni hapana. Ingia asubuhi, na buti usizivue.

Kwanza tazama kingo

Usikimbilie majini. Simama ukingoni utazame juu na chini, mita hamsini kila upande, uandike.

Kuna kivuli? Kivuli kinashikilia baridi, na maji baridi yanabeba oksijeni nyingi zaidi: usawa wa bahari, maji ya nyuzi joto 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.5. Kadiri unavyopanda mlima kiwango hicho hupungua kidogo. Mikuyu na miti mingine ya asili inayoinamia maji huangusha majani, na majani hayo ndiyo chakula cha msingi cha kijito cha msituni. Kaa wa mtoni na wadudu watafunaji huyamega vipande, na vipande hivyo hulisha wengine chini. Mikaratusi pia hutoa kivuli, lakini majani yake ni magumu, yana mafuta, na watafunaji hawayapendi. Tena mti wenyewe unakunywa maji mengi. Mimi nikiona safu ya mikaratusi ukingoni naandika alama ya kuuliza hata kama wenyeji wanaisifia.

Shamba limefika wapi? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto pale ambapo zinaweza kuathiri hifadhi yake. Uluguru utakuta mchicha, majimbi na migomba ikiwa imeingiza mizizi majini. Pima kwa hatua uandike umbali uliouona. Usiandike "karibu sana". Andika pia kama ukingo unamomonyoka, kama kuna njia ya ng'ombe, bomba la maji machafu, taka, pampu ya kumwagilia, makopo ya dawa.

Kisha maji yenyewe

Nusa. Harufu ya udongo ni sawa. Harufu ya yai bovu ina maana tope la chini limeishiwa oksijeni. Harufu ya choo haihitaji mtaalamu.

Povu huwatisha watu bure. Povu la kahawia lenye harufu ya udongo, linalojikusanya kwenye kona chini ya maporomoko, ni la majani yaliyooza. Povu jeupe lenye harufu ya manukato ni sabuni. Utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua nao una kipimo chake rahisi: uchokonoe kwa kijiti. Ukivunjika vipande vipande kama kioo, ni bakteria wanaokula chuma, jambo la kawaida hasa penye chemchemi na matope mekundu. Ukivutika kisha ukajiunga tena, ni mafuta ya mashine. Kwa kipimo hiki peke yake nimeshaona lawama zikiondolewa kwa gereji isiyo na hatia, na kwingine lawama zikathibitika.

Jaza chupa, iweke mbele ya gazeti, uone kama herufi zinasomeka. Iache wima hadi kesho yake upime kwa rula tope lililotuama chini. Ukifanya hivyo sehemu zote tatu, una picha ya kwanza ya mmomonyoko.

Kasi ya maji hupimwa kwa ndimu. Pima mita 10 kwa futi kamba, dondosha ndimu katikati ya mkondo, hesabu sekunde. Rudia mara tatu uchukue wastani. Tuseme ndimu imetumia sekunde 25: kasi ni mita 0.4 kwa sekunde. Kijito kikiwa na upana wa mita 1.2 na kina cha wastani cha mita 0.2, zidisha vyote vitatu, kisha zidisha kwa 0.8 kwa sababu maji ya chini na ya pembeni huenda polepole kuliko ya juu. Unapata karibu lita 77 kwa sekunde. Ukikuta sehemu ya juu kuna lita 77 na ya chini 20, hapo katikati kuna mipira ya kumwagilia, na pengine tatizo la kijito chako si uchafu bali ni kunyang'anywa maji.

Sasa inua jiwe. Jiwe la kijito kizima hutoka kirahisi, likigongana na mengine, na chini yake kuna uwazi wenye maji. Jiwe lililozikwa hung'oka kwa shida na kuacha wingu la tope. Uwazi ule ndiyo nyumba ya wadudu. Mmomonyoko ukiuziba, wanahama au wanakufa, hata kama hakuna tone la sumu lililoingia. Kwenye vijito vingi vya milimani kwetu nadhani hili ndilo gonjwa kubwa kuliko yote, na ndilo linalosemwa kidogo, kwa sababu tope halina harufu. Tazama pia juu ya jiwe. Utelezi mwembamba wa kahawia ni mzuri, ni chakula. Nyuzi ndefu za kijani zilizofunika kila kitu ni dalili ya mbolea nyingi na jua kali.

Kuwakamata

Weka chujio chini ya mkondo, mdomo wake ukitazama yanakotoka maji. Simama mbele yake upande wa juu, ukoroge mawe kwa buti ili wanaong'oka wasukumwe ndani. Kisha chukua mawe machache mkononi uyasugue polepole kwa brashi juu ya chujio, maana wapo waliojibana bapa wasiotoka kwa kukorogwa. Pitisha chujio kwenye nyasi zinazoning'inia ukingoni, na kidogo kwenye mchanga. Dakika tano jumla, na dakika hizo ziwe sawa sehemu zote tatu. Mwaga kwenye beseni lenye maji safi kidogo, liweke kivulini, usubiri. Mwanzoni utaona takataka tu. Baada ya muda takataka zitaanza kutembea.

Wa kwanza kumtafuta ana mikia mitatu mirefu kama nywele, na kwenye ubavu wa tumbo vijani vidogo vinavyopepea: hivyo ni vya kupumulia. Mwenye kichwa bapa anayeng'ang'ania jiwe hapendi uchafu hata kidogo. Yule mwembamba anayeogelea kwa kuchupa kama kisamaki anavumilia zaidi, kwa hiyo watenganishe. Kuna anayefanana naye kwa mbali, mwenye vijani vitatu bapa mwishoni mwa mkia na tumbo lisilo na kitu ubavuni: huyo ni mtoto wa kerengende mwembamba. Mtoto wa kerengende mkubwa ni mnene, hana mikia, na ana sura ya mtu aliyekasirika.

Mwenye mikia miwili tu, kucha mbili kila mguu na vishada vya nywele kwenye makwapa ndiye mgeni wa heshima. Anahitaji maji baridi, safi, yenye oksijeni nyingi. Afrika Mashariki wa aina hii karibu wote ni wa jenasi moja, Neoperla. Ukimkosa usilie, ukimpata piga picha.

Halafu kuna mjenga nyumba, funza mwenye miguu sita anayejivika mrija wa chembe za mchanga au vipande vya majani. Wengine wa ukoo wake hawajengi mrija bali wanatanda wavu kati ya mawe. Kaa wa mtoni unamjua. Usubi wachanga hujishikiza kwa wingi juu ya mawe penye maji ya kasi, wembamba juu na wanene chini. Kuwapo kwao ni kawaida. Funza wekundu kama damu ni habari nyingine. Wekundu ule ni wa kuhifadhi oksijeni, na wakiwa ndio wengi kuliko wote, ujue oksijeni imekuwa adimu. Ukikuta ruba, minyoo na funza wa namna hiyo peke yao, kijito kimelemewa na kinyesi au mabaki ya chakula.

Tahadhari moja inayosahaulika: mdudu anayevuta hewa juu ya maji hawezi kukushuhudia chochote kuhusu oksijeni iliyo ndani yake. Mabuu ya mbu, mbawakawa wengi wa majini na baadhi ya konokono wako kundi hili. Kambare naye anaweza kupumua hewa, ndiyo maana anaishi kwenye mitaro. Watu wakikwambia "mbona samaki wapo", uliza ni samaki gani.

Hesabu

Afrika Kusini kuna mbinu iitwayo miniSASS, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi na wanakijiji kutokana na mbinu ya wataalamu iitwayo SASS. Tanzania ina ya kwake ya kitaalamu, TARISS, iliyochapishwa mwaka 2015 na Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake, lakini hiyo inataka mtu aliyefunzwa. Kwa kuanzia miniSASS inatosha. Ina makundi 13, kila moja na alama zake: wa mikia miwili 17, wa mikia mitatu 11, kile kisamaki-mchupaji 5, mjenga nyumba 9, kaa au kamba 6, kerengende mkubwa 6, kerengende mwembamba 4, mbawakawa na kunguni wa maji 5, konokono 4, minyoo bapa 3, minyoo ya kawaida 2, ruba 2, na mabuu yote ya nzi na mbu, wakiwamo usubi na funza wekundu, 2. Idadi ya wadudu haihesabiwi. Kundi likionekana, limeonekana. Jumlisha, gawanya kwa idadi ya makundi.

Tuseme juu umepata kaa, wa mikia mitatu, mchupaji, mjenga nyumba, kerengende mkubwa, mbawakawa na usubi. Jumla 44 kwa makundi 7, wastani 6.3. Chini umepata mchupaji, konokono, minyoo, ruba na funza wekundu: 15 kwa 5, wastani 3. Kwa kijito cha mawe, wastani unaozidi 7 ni dalili nzuri sana, na ulio chini ya 5 ni taabani.

Ila angalia. Lau ungempata yule wa mikia miwili mmoja tu pale juu, wastani ungeruka kutoka 6.3 hadi 7.6. Mbinu hii ilipimwa kwa mito ya kusini, ambako wa aina yake ni wengi zaidi kuliko kwetu, kwa hiyo kumkosa kusikufanye uhukumu kijito cha juu kuwa kibovu. Na kijito cha Rufiji au cha pwani, cha mchanga, chenye joto na mwendo wa kinyonga, hakitafikia alama za Uluguru hata kingelindwa na malaika. Linganisha kila kijito na ndugu yake. Pengo kati ya 6.3 na 3 ndilo linalosema, kuliko namba yenyewe.

Wala usichanganye afya ya kijito na usalama wa kunywa. Kijito chenye wadudu wote bora kinaweza kubeba vimelea vya kuhara kutoka kwa mtu mmoja aliyejisaidia juu yake asubuhi. Chemsha.

Warudishe wote majini pale pale ulipowatoa, na kaa umshike kwa nyuma.

Matokeo yasilale kwenye daftari. Andika ukurasa mmoja: tarehe, sehemu tatu, makundi yaliyoonekana, wastani, tope la chupa, umbali wa mashamba, picha. Anza na mtendaji wa kijiji au mtaa na jumuiya ya watumia maji, kisha bodi ya maji ya bonde lako. Tanzania ina mabonde tisa, kila moja na bodi yake chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Ya Wami/Ruvu iko Morogoro. Usiende na malalamiko kwamba "mto umechafuka", hayo wameyasikia. Nenda na kurasa mbili, ya mwaka jana na ya mwaka huu, za mwezi ule ule na sehemu zile zile, uombe afisa aje muingie majini pamoja.